Siku Niliyovaa Sweta la Mkwe

Kazi yangu ni kutengeneza friji na viyoyozi. Tangu ujana wangu nimepanda mapaa ya hoteli za Watamu na Malindi, bisibisi mfukoni na mtungi wa gesi begani, na kama kuna kitu kimoja ninachokijua duniani basi ni joto: linakotoka, linakokwenda, na namna ya kulitoa ndani ya chumba. Kwa hiyo ninaposema kwamba mtu anayemletea mkazi wa Malindi sweta mwezi wa Machi ama hana akili ama ana lake jambo, nasema kama fundi. Mama mkwe wangu alikuwa na akili zake timamu. Nikaamini ana lake jambo.

Sweta lenyewe lilikuwa la kufumwa kwa mkono, sufu nzito ya rangi ya damu ya mzee, na kifuani limepitishwa mistari ya kijani na ya haradali. Nilizitambua rangi hizo. Kwao Nyandarua, mahali ambapo watu huamka wakakuta nyasi zimeganda barafu, mama mkwe hufuma masweta ya watoto wa shule na kuyauza sokoni, na mwenye macho angeona kwamba langu limetokana na mabaki ya shule tatu. Kifuani lilinitosha kwa shida. Tumboni lilikataa kabisa, likapanda na kuuacha mkanda wangu nje. Kola ilisimama hadi chini ya masikio. Nilipojitazama kwenye kioo niliona mwanafunzi aliyerudia darasa la nane kwa miaka thelathini na tano.

Wala hakunikabidhi mwenyewe. Walipofika siku ya Ijumaa, yeye alibaki ndani ya tuktuk nje ya lango letu, amejifunika shali, uso ameuelekeza upande wa pili wa barabara. Aliyeshuka na mfuko ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, muuza viazi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya bonde.

"Mama amekufumia hii sweta miezi tano," alisema, akanitupia mfuko. "Na macho yake si mazuri siku hizi. Hii si ya kununua duka, shemeji."

Nikasema shikamoo kwa sauti kuelekea kwenye tuktuk. Shali ikatikisika kidogo. Sikusikia marahaba.

Mke wangu alikuwa amemwandalia mama yake chumba cha wageni, shuka mpya, feni mpya, na jagi la maji kando ya kitanda. Mama akasema hapana, atalala gesti. Nyumba yangu ina vigae sakafuni. Ina friji mbili, moja ya maji matupu. Yeye akachagua gesti ya karibu na soko, choo cha pamoja, pamoja na muadhini wa msikiti wa jirani ambaye Mungu amemjalia pumzi ndefu. Nikasema moyoni, haya mama, dharau yako imefika na nimeipokea.

Mke wangu alikunja zile shuka mpya akazirudisha kabatini, na kwa jinsi tumbo lake lilivyokuwa kubwa, kila alipoinama ilibidi ashike ukuta. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Hapo kabla alikuwa ameshika mimba mara mbili. Mtoto wa kwanza alitoka kabla ya wakati wake na hakulia. Wa pili aliishi siku moja, na tulimzika Marafa karibu na kaburi la mama yangu. Mara zote mbili mama mkwe hakuja. Mara zote mbili mke wangu alishikwa mkono na wauguzi wasiomjua na shangazi zangu ambao lugha yake hawaijui. Safari hii, baada ya mke wangu kumpigia simu na kulia na kumpigia tena, mama alikubali kuja, lakini kwa siku tatu tu. Tikiti ya basi ya kurudi Jumatatu ilikuwa imekwisha kukatwa.

Jumamosi asubuhi mke wangu aliniwekea sweta kitandani, limekunjwa vizuri.

"Nataka mama abaki mpaka nijifungue," aliniambia. "Sitaki kitu kingine kwako, wala kitanda cha mtoto, wala nguo. Leo tunakwenda hotelini kula. Vaa hii, ukae meza moja na yeye, na ule mbele yake kama watu. Akikuona umekula chakula, atabaki. Usipokula, Jumatatu anapanda basi."

Inafaa nieleze habari hiyo ya kula, kwa sababu msomaji atadhani mimi ni mtu wa kususa sahani. Miaka kumi na mmoja iliyopita, tulipooana, mke wangu alinipeleka kwao. Mimi ni Mgiriama. Kwetu mkwe ni mtu wa kuonewa haya. Mwanamume hali machoni pa mama wa mke wake, hampi mkono, wakikutana kwenye kijia mmoja wao hupisha. Hiyo si chuki. Ni heshima ya mtu aliyekuzalia mke, na kwetu mtoto wa miaka saba anaijua bila kufundishwa. Sasa mimi nikaketishwa sebuleni Nyandarua, meno yakigongana kwa baridi, mlango wa jikoni uko wazi, na mama mkwe yuko pale motoni, hatua sita kutoka kwangu. Nikaletewa mlima wa viazi vilivyopondwa na mahindi, nyama ya mbuzi juu yake. Mashemeji, mashangazi, watoto, majirani, wote wakanikodolea macho wakisubiri mgeni atafune. Watu hao walikula wote pamoja, mama na mwana na mkwe wa jirani, hakuna aliyemwonea haya mwenzake. Nikasema nimeshiba. Sahani ikarudi jikoni kama ilivyokuja.

Kumbe ningetafuna tu. Lakini na yeye mama alinitia hasira siku ile. Hakutoka kuja kunisalimu. Nilipoingia uani na yeye anatoka kwenye banda la ng'ombe, alijifunika shali akazunguka nyuma ya ghala, kama aliyekutana na mtu mwenye ndui. Muda wote niliokaa sebuleni alinipa mgongo. Hakugeuka hata mara moja. Mgeni ametoka Malindi hadi Nyandarua, amevuka nchi nzima, hapewi hata uso. Njiani tulipokuwa tunarudi mke wangu aliniuliza kwa nini sikula, nikamwambia ni tumbo. Kumweleza habari za adabu mtu ambaye kwao hawana, niliona, ni kumpigia mbuzi gitaa. Mke wangu ndiye binti wa pekee kwao, amesomea shule za bweni, kaka yake ni mlokole wa kupiga kelele. Nikawaweka wote kapu moja.

Waliosema usitukane wakunga na uzazi ungalipo hawakuwa wajinga. Shida yangu ni kwamba methali huzikumbuka baada ya mambo kuharibika.

Basi Jumamosi hiyo nilijifanya mjanja. Nikachagua hoteli moja ya Malindi ambayo kiyoyozi chake nilikuwa nimekitengeneza mimi mwenyewe wiki mbili kabla. Nilikijua kile kiyoyozi kama ninavyoijua pua yangu. Nilikijaza gesi, nikasafisha vichujio, na kama ungekiachia saa moja kingeweza kugandisha siagi mezani. Nikampigia simu mhudumu mmoja tunayefahamiana, nikamwambia akiwashe mapema, kwa nguvu zake zote, na aniwekee meza iliyo chini yake barabara. Nilikuwa mtu wa pekee mjini Malindi aliyechagua hoteli kwa kuangalia kompresa.

Tukafika saa saba mchana. Barabara ilikuwa inatoa mvuke. Nilivaa sweta lile nikiwa mlangoni kabisa, kwa mshindo mmoja, kama mtu anayejitosa baharini. Mhudumu alinifungulia mlango wa kioo na ile baridi ikanipiga usoni. Sijawahi kuipenda kazi ya mikono yangu kama siku ile. Nikatangulia ndani. Nikageuka kuwakaribisha wakwe zangu.

Hawakuwapo nyuma yangu.

"Hapana, hapana, hapana!" shemeji alikuwa anapiga kelele nje. "Sisi tumetoka kwa baridi, shemeji. Tumekuja kuota jua. Hiyo ndani ni kama nyumbani! Mama anataka kukaa hapa nje."

Wakakaa nje, chini ya paa la makuti, mahali ambapo upepo ulikuwa umekufa tangu saa nne. Meza yenyewe nusu yake ilikuwa juani, na hiyo nusu ndiyo niliyoachiwa. Nikaketi. Kabla sijavuta kiti vizuri nilisikia jasho la kwanza likishuka uti wa mgongo, polepole, bila haraka, kama linalojua kwamba lina siku nzima.

Hoteli hiyo ni ya wale wanaoandika orodha ya vyakula kwa Kitaliano kwanza na Kiswahili hakuna. Mhudumu naye ni mtoto wa Sabaki, ninamjua babake, lakini akiwa kazini hukusalimu kama aliyezaliwa Roma. Shemeji aliishika ile orodha akaigeuza juu chini, akaipeleka mbali na macho, akairudisha.

"Kuna chipsi?" akauliza.

Kulikuwa na kamba, kaa, pweza, changu wa kupaka. Kulikuwa na bahari nzima hatua mia mbili kutoka pale. Mtu huyu amelima viazi, ameuza viazi, amekula viazi tangu alipoota meno, na amesafiri usiku kucha kwa basi ili aje Malindi kula chipsi. Aliagiza sahani mbili. Halafu akauliza kama kuna nyama choma, akaambiwa hakuna, akatikisa kichwa kuisikitikia Pwani yote. Mke wangu alimwagizia mama yake wali wa nazi na samaki. Mimi nikaagiza hivyo hivyo ili nisionekane nina makuu.

Shemeji alikula na kuongea kwa wakati mmoja. Alitueleza kwa nini Pwani haiendelei. Ni hii joto, alisema, watu wanalala sana. Mtu wa huku akipata nazi mbili anaona amemaliza maisha. Angekuwa yeye na shamba huku, hata kama ni ekari moja, mngeona. Nikamwuliza angepanda nini. Akasema viazi. Nikamtazama nikitabasamu, jasho linanidondoka kwenye nyusi na kuingia machoni. Kwenye ukosi sufu ilikuwa imeanza kunitafuna. Mtalii mmoja mzee aliyevaa kaptura peke yake alipita, akaliona sweta langu, akasimama, akamwita mkewe aje aone.

"Shemeji, unapenda hiyo sweta, ee? Hata hujaitoa," shemeji alisema kwa furaha, akampigia mama yake mayowe kwa lugha yao. Shali ya mama ikatikisika kidogo.

Nakiri kwamba kufikia hapo nilikuwa nimemchoka yule mama kuliko mwanawe. Mwanawe angalau alikuwa anatazamana nasi. Mama tangu aketi alikuwa amekivuta kiti chake kikaelekea barabarani, bega lake ndilo lililo mezani. Shali alikuwa ameipandisha hadi puani. Katika joto lile! Sahani yake ilikuwa mbele yake, wali unakauka juu, nzi anatembea ukingoni, na hata kijiko hakukigusa. Hakunywa hata maji. Nikasema, tazama kiburi. Binti yake ana mimba anayoiogopa kila usiku, amemwomba jambo moja tu, aje akae naye, na yeye amekuja Malindi kututazamia tuktuk.

Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza.

"Kula," alininong'oneza. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Unafanya tena. Unafanya kile kile ulichofanya kwetu."

Ilikuwa kweli. Sikuwa nimekula hata punje. Nilichukua uma, nikachoma kipande cha samaki, nikakifikisha mdomoni. Hapo mkono ukagoma. Siwezi kueleza vizuri. Miaka hamsini, nimesoma, nimefanya kazi na Wazungu, nimekula mbele ya mameneja na mapadri, lakini mama wa mke wangu alikuwa pale, urefu wa mkono mmoja. Nikaurudisha uma kwenye sahani. Mke wangu alifumba macho.

Nikamtazama tena mama mkwe ili nipate wa kumlaumu, na safari hii nilimtazama kwa muda. Aliona kwa pembe ya jicho kwamba ninatazama. Akainama, akashika kiti kwa mikono miwili, akakisogeza tena kidogo, akanipa mgongo wote. Kisha akaipandisha shali.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na mkwe mmoja, mume wa dada yangu, kijana wa Ganze. Kijana huyo akija kwetu Marafa, mama hukichukua kigoda chake akakigeuza kikaelekea zizi la mbuzi. Hujifunika leso hadi puani. Sima yake hupoa mbele yake, mboga zikakauka, na hatii tonge mdomoni mpaka yule kijana aage na kuondoka. Akikutana naye kisimani, huzunguka nyuma ya vichaka. Zawadi yake huipitisha kwetu sisi watoto. Wala hakukubali hata siku moja kulala kwa dada, kwa sababu nyumba ya mkwe haina kitanda chako. Sisi tulikuwa tukicheka, na dada akatukemea. Alituambia mama anampenda yule kijana kuliko anavyotupenda sisi, na hivyo ndivyo anavyomwambia.

Niliketi pale nikihesabu. Tuktuk na shali. Mfuko uliopitishwa kwa shemeji. Gesti. Ghala la Nyandarua alilozunguka nyuma yake. Mgongo wake pale motoni. Hakuna kimoja kati ya hivyo ambacho sikukijua. Nilikuwa nimevifahamu vyote kabla sijaota ndevu. Angekuwa ni mama wa Ganze au wa Sabaki aliyenifanyia hivyo, ningerudi nyumbani nikijisifu kwamba nimepata mkwe mwenye heshima zake. Lakini kwa kuwa alikuwa mtu wa bara, niliona jeuri tu.

Mama huyu alikuwa na njaa. Hawezi kula nikiwa pale. Na mimi siwezi kula akiwa pale. Kila mmoja wetu alikuwa anamwonea mwenzake haya, na katikati yetu kuna mwanamke mjamzito anayelia kwa sababu yetu.

Nikainuka na sahani yangu.

"Unakwenda wapi?" shemeji aliuliza, chipsi mdomoni.

"Ndani."

"Umetukasirikia?" Sauti ikapanda hadi meza nyingine zikageuka. "Mama amefuma miezi tano na unatoka meza yake?"

Mke wangu alilaza kichwa kwenye viganja vyake. Nikapita nyuma ya kiti cha mama kwa mbali, uso nimeuelekeza ukutani kama nilivyofunzwa, nikaingia ndani, nikafunga mlango wa kioo, nikaketi nyuma ya nguzo ambapo hawezi kuniona wala mimi kumwona. Nikala. Nilikula samaki yule hadi mifupa.

Baada ya muda mhudumu alikuja. Kitaliano kilikuwa kimemtoka.

"Fundi, kwani kule nje kumetokea nini? Shemeji yako anasema mmekosana. Lakini yule mama, wewe ulipoingia tu, amegeuza kiti na kuanza kula. Amemaliza. Ameniashiria anataka wali mwingine."

"Mpe," nikasema. "Mpe na samaki mwingine. Na usimwambie kwamba nimeuliza."

Mke wangu aliingia nyuma yake. Alitembea polepole, mkono mmoja kiunoni, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekwisha kata shauri. Alisimama mbele yangu bila kuketi.

"Nilikuomba kitu kimoja."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, habari za kwetu, habari za sahani iliyorudi jikoni, kwamba halikuwa tumbo. Nikamweleza jinsi mama yangu alivyokuwa akikigeuza kigoda. Nikamwambia nadhani mama yake anafanya hivyo hivyo, na kwamba nimeondoka ili ale. Nilitarajia atacheka. Ndani yangu nilikuwa nimeanza kujipongeza, maana nilidhani nimetegua kitendawili.

Hakucheka. Alitoka nje. Alikaa huko muda mrefu, na mimi sikuchungulia kwa sababu mkwe alikuwa anakula. Nilisikia kwa mbali sauti ya mama mkwe, mara ya kwanza maishani mwangu kuisikia vizuri. Ilikuwa sauti nyembamba, na ilisema maneno mengi.

Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Safari hii aliketi.

"Nimemwuliza," alisema. "Ni kweli. Anasema kwao zamani mama hali na mume wa binti yake, hakai naye. Anasema sisi watoto tuliambiwa kanisani hayo ni mambo ya giza, kwa hiyo akanyamaza asituaibishe mbele ya wageni, lakini yeye hakuweza kuacha. Siku ile kwetu alikaa jikoni anasikiliza kijiko chako. Hakukisikia. Alidhani watu wa bahari hawana habari za kumwonea mkwe haya, kwa hiyo kama hukula, basi ni mikono yake umeikataa. Ndiyo maana hakuja. Alisema hawezi kuja kukaa mahali ambapo chakula chake kinaonewa kinyaa."

"Umeona!" nikasema, na sikuweza kuizuia ile furaha ndogo. "Naye alitudharau."

"Yeye amekuja," mke wangu alisema.

Nikafuta jasho ambalo halikuwapo tena. Nilimwuliza kuhusu basi la Jumatatu.

"Hapandi basi Jumatatu. Anabaki hapa mpaka nijifungue. Atalala gesti, mchana atakuja kwangu, na wewe utakuwa unaondoka mapema na kula kazini kwako. Ukirudi utapiga hodi kwa nguvu ili apate nafasi ya kupita mlango wa nyuma."

"Hayo tu? Nitapiga hodi hadi majirani waitikie."

Nilicheka peke yangu. Yeye alikuwa anaitazama meza, anasugua tumbo lake kwa kiganja, taratibu, upande mmoja kisha mwingine.

"Nataka nikuulize," alisema. "Mimi haya mambo sikuyajua, nimekulia bwenini. Kaka yangu hakuyajua. Mama hakujua kwamba na kwenu yapo. Wewe ulimwona mama yako akifanya hivi kila mwaka. Kati yetu sote, wewe peke yako ndiye uliyejua." Akavuta pumzi. "Nimezaa mara mbili na nimezika mara mbili, na mama yangu hayupo. Ulipomwona amejifunika, amekupa mgongo, amezunguka nyuma ya ghala, ulidhani sisi ni watu wa namna gani?"

Nilifungua mdomo. Jibu nilikuwa nalo, tena tayari, nimeishi nalo miaka kumi na mmoja. Yeye alikuwa anautazama uso wangu, na kabla sijasema chochote alikuwa amekwisha kulisoma.